Kitabu cha oda kibaki kwako, ripoti ndiyo itembee



Swali ninaloulizwa kuliko yote na wauzaji wa mtandaoni ni hili: "Oda napata, mbona hela siioni?" Mara nyingi jibu limo ndani ya oda zenyewe, ila zimetapakaa. Nusu ziko WhatsApp, nyingine kwenye DM za Instagram, chache kwenye daftari, na malipo yapo kwenye meseji za simu. Hakuna anayeweza kuziona zote kwa pamoja, hata wewe mwenye biashara.

Leo naonyesha jinsi ya kuunganisha kitabu cha oda na ripoti inayojihesabu yenyewe, ambayo utaifungua kwenye simu ukiwa hata kwenye daladala. Tunatumia Google Sheets na Looker Studio, zote bure. Kazi ya kuandika oda inafanyika kwenye simu. Kutengeneza ripoti kunataka kompyuta kwa saa moja au mbili, hata ya kuazima. Ukitumia ya intaneti kafe, usisahau kutoka kwenye akaunti yako kabla ya kuinuka.

Kabla hujashika kompyuta, ujue unatafuta nini. Ripoti ya mauzo peke yake inadanganya. Chukua mfano huu. Tuseme unauza mkoba kwa 35,000, umeununua 22,000. Kichwani unahesabu faida ya 13,000 kila mmoja, kwa hiyo oda kumi ni 130,000. Lakini umetangaza "delivery bure", na boda anachukua 4,000 kila safari. Kati ya oda kumi, tatu zimerudi: mteja hapokei simu, au rangi hakuipenda. Mikoba saba iliyouzwa imekuachia 91,000. Safari kumi za kwenda ni 40,000, safari tatu za kurudi ni 12,000. Toa 52,000. Mkononi imebaki 39,000.

Sasa angalia mkanda ambao hata huupostigi. Unauza 15,000, umenunua 9,000, usafiri analipa mteja, na haurudi. Oda kumi, faida 60,000. Mkoba ndio unaopata like na komenti, mkanda ndio unaolipa kodi ya chumba. Hilo huwezi kuliona kwenye meseji. Utaliona siku usafiri na mizigo iliyorudi vitakapokaa kwenye mstari mmoja na bei.

KITABU CHENYEWE

Fungua faili jipya la Google Sheets, liite "Kitabu cha oda". Ukurasa wa kwanza ndani yake uite Oda. Mstari wa juu kabisa ni vichwa vya safu, na mimi huwa napanga hivi, kuanzia A mpaka L: Tarehe, Jina, Simu, Eneo, Bidhaa, Idadi, Bei ya kuuzia, Bei ya kununulia, Usafiri, Njia, Hali, Maelezo. "Njia" ni pale oda ilipotoka: Instagram, WhatsApp, TikTok, mteja wa zamani. "Hali" ni hatua ya mzigo: Mpya, Njiani, Imefika, Imerudi. Bei zote mbili ni za kipande kimoja.

Usafiri ni hela iliyotoka mfukoni mwako tu. Mteja akilipa boda mwenyewe, andika 0. Mzigo ukirudi, ongeza na nauli ya kurudia. Mteja akinunua vitu viwili, andika mistari miwili, lakini usafiri uweke kwenye mstari wa kwanza tu, la sivyo utajikata mara mbili.

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, kwa hiyo twende polepole.

Kwenye safu za hela andika namba tupu. Ukiandika "15k" au "15,000/=" sisi binadamu tunaelewa, ila kompyuta inaona maneno, haioni hela. Baya zaidi, fomula tutakayotumia hapa chini ina tabia moja: safu ikiwa na namba nyingi na maneno machache, yale machache inayafanya kuwa matupu. Haitakuambia kuna kosa. Oda yako ya "15k" itakaa kwenye ripoti bila bei, na wewe utashangaa jumla haifanani na ya kwenye simu.

Tarehe nazo. Faili likiwa limepangwa kwa utaratibu wa Marekani, 03/04 inasomeka Machi 4, wakati wewe ulimaanisha tarehe 3 Aprili. Nenda kwenye mipangilio ya faili, badilisha nchi iwe yako, ndipo uanze kuandika. Simu zipange kama maandishi ya kawaida, maana ukiziacha zisomwe kama namba, ile sifuri ya mbele inapotea.

Bidhaa na Hali usiziandike kwa mkono. Weka orodha ya kuchagua, ipo kwenye menyu ya data. Bila hiyo, leo utaandika "Mkoba mweusi", kesho "mkoba black", mdogo wako anayekusaidia ataandika "pochi nyeusi", na ripoti itakuonyesha bidhaa tatu ambazo kwenye kabati ni moja.

Kama mna watu wawili watatu wanaopokea oda, kila mmoja aandike kwenye kitabu hiki hiki. Msianzishe vitabu viwili mkitegemea mtaviunganisha baadaye. Hamtaviunganisha.

FAILI LA PILI, NA KWA NINI

Wengi wakishafika hapa wanatengeneza chati ndani ya kitabu hicho hicho, kisha wanabonyeza Share, wanachagua "yeyote mwenye linki", wanatuma kwa mshirika au kwa kijana anayewasaidia matangazo. Kumbuka ndani ya kitabu kuna jina la mteja, simu yake, na kwenye maelezo umeandika "nyumba ya geti jeusi, nyuma ya msikiti, hupatikana jioni". Linki ikishatoka, huwezi kujua imepita kwa nani. Aliye nayo anaweza kuwapigia wateja wako wote akijifanya ni wewe, awaambie namba ya malipo imebadilika. Wateja wa mtandaoni wanakuamini bila kukuona uso, na ukiwapotezea hela mara moja hutawarudisha kwa punguzo la bei.

Na sheria ipo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia. Inataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili kwenye Tume na wazilinde. Wenzetu wa Kenya wana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Jina na namba ya simu ni taarifa binafsi, hata zikikaa kwenye simu ya muuza viatu.

Kuna wanaosema, "mimi nimezificha zile safu". Kuficha safu ni sawa na kufunika sufuria, ugali bado umo. Anayeweza kuhariri faili anaifichua kwa mguso mmoja. Hata Looker Studio, wakati wa kuunganisha, ina kisanduku kinachouliza kama ichukue na seli zilizofichwa. Kisipoondolewa tiki, inazichukua.

Kwa hiyo tunatengeneza faili la pili, liite "Data ya ripoti". Hili linavuta kutoka kwenye kitabu zile safu tu zinazohitajika kwa hesabu. Kwenye seli ya A1 andika:

=QUERY(IMPORTRANGE("linki ya kitabu chako","Oda!A:L"),"select Col1, Col4, Col5, Col6, Col7, Col8, Col9, Col10, Col11 where Col1 is not null",1)

Soma nini kimeachwa: Col2 ni jina, Col3 ni simu, Col12 ni maelezo. Hazikutajwa, kwa hiyo haziji. Eneo linakuja, ndiyo maana kwenye safu ya Eneo unaandika Mbagala au Tegeta tu na kuishia hapo.

Mara ya kwanza seli itaonyesha #REF!. Usiogope. Isogelee, itakuomba ruhusa ya kuunganisha mafaili mawili, kubali. Ikiendelea kugoma, angalia kama jina la ukurasa ni Oda kweli, na kama akaunti unayotumia ndiyo yenye kitabu. Kama faili lako linatenganisha fomula kwa nukta-mkato badala ya mkato, badilisha.

Kisha kwenye J1 andika Faida, na J2 weka hii, mara moja tu, itajaza mistari yote ya chini:

=ARRAYFORMULA(IF(A2:A="",,IF(I2:I="Imefika",(E2:E-F2:F)*D2:D-G2:G,IF(I2:I="Imerudi",-G2:G,))))

Kwa Kiswahili cha kawaida: mzigo ukifika, chukua bei ya kuuzia, toa ya kununulia, zidisha kwa idadi, toa usafiri. Mzigo ukirudi, faida ni hasara ya usafiri. Mzigo ukiwa bado njiani, usihesabu kitu. Mimi napenda hapo pa mwisho, maana wauzaji tunapenda sana kula faida ambayo bado iko kwenye boda.

Kuna tahadhari moja ambayo wengi hawaijui. Ile ruhusa uliyokubali inafungua mlango kati ya mafaili mawili, na mtu yeyote mwenye haki ya kuhariri faili la pili anaweza kuandika fomula yake mwenyewe na kuvuta chochote kutoka kwenye kitabu, simu za wateja zikiwemo. Kwa hiyo faili la pili nalo humpi mtu. Linakaa kwako. Kinachotoka nje ni ripoti tu.

KUUNGANISHA RIPOTI

Ingia lookerstudio.google.com kwa akaunti ile ile. Tengeneza chanzo kipya cha data, chagua Google Sheets, chagua "Data ya ripoti". Hakikisha mstari wa kwanza unasomwa kama vichwa, kisha unganisha. Itakuletea orodha ya safu zako. Usiipite kwa haraka. Tarehe iwe tarehe, bei na faida ziwe namba. Kama Faida imesomeka kama maandishi, rudi kwenye kitabu, kuna mahali mtu ameandika "k".

Angalia pia sehemu ya ruhusa za data kwenye chanzo hicho. Kuna chaguo la kutumia ruhusa za mmiliki na chaguo la kutumia ruhusa za mtazamaji. Chagua za mmiliki, yaani wewe. Maana yake mtu anaona chati bila kuwa na haki ya kufungua faili lililo nyuma yake. Ukichagua za mtazamaji, kila anayefungua ripoti itabidi umpe na faili, na hicho ndicho tunachokikimbia.

Ripoti yenyewe isiwe ya mapambo. Jedwali moja la bidhaa lenye jumla ya faida, likianza na kubwa. Jedwali la maeneo lenye idadi ya oda na faida, hapo utajua Kigamboni inakulipa au unamlipa boda. Jedwali la Njia. Kichujio cha tarehe juu. Basi. Nimeona ripoti zenye miduara ya rangi kumi na mbili ambazo mwenyewe hajui aanzie wapi kusoma.

Kuanzia hapo, ukiandika oda kwenye simu, ripoti inajisasisha yenyewe. Kwa kawaida Looker Studio inaangalia upya Google Sheets kila baada ya dakika 15, kwa hiyo usianze kulalamika baada ya dakika mbili.

Kabla ya kuitegemea, ijaribu kwa mkono. Chukua oda kumi za wiki iliyopita, zihesabu kwa daftari na kalamu, kisha chuja tarehe hizo kwenye ripoti. Zikipishana hata kwa shilingi mia tano, tafuta hiyo mia tano. Ripoti inayokosea kidogo ni mbaya kuliko kutokuwa na ripoti, maana utaagiza mzigo China kwa kuiamini.

KUITOA NJE

Anayetakiwa kuiona, mwongeze kwa barua pepe yake kama mtazamaji. Usifungue kwa kila mwenye linki. Ukimaliza, fungua dirisha la siri la kivinjari, lile ambalo halina akaunti yako, bandika linki ya ripoti. Inatakiwa ikudai uingie kwanza. Fanya hivyo hivyo kwa linki ya kitabu na ya faili la pili. Kama lolote limefunguka lenyewe, umeacha mlango wazi.

Sasa niseme na wale mnaolipa kijana awatengenezee. Lipeni tu, kazi ni kazi. Lakini mafaili yote mawili, chanzo cha data na ripoti viwe kwenye akaunti yako, si yake. Kama chanzo kinatumia ruhusa zake, siku akigombana nawe, akifuta akaunti au akiondolewa kwenye faili, ripoti inakufa. Unaanza upya, huku kitabu cha wateja wako kikiwa kwenye Gmail ya mtu mwingine. Mpe haki za kuhariri wakati wa kazi, akimaliza ziondoe. Hakuna ubaya hapo, hata fundi wa nyumba anarudisha ufunguo.

Wapo watakaokwambia Google Sheets ni ya watoto, unahitaji hifadhidata kubwa. Faili moja la Google Sheets linabeba seli milioni 10. Kwa safu zetu 12, ni zaidi ya mistari 800,000. Litaanza kuwa zito kabla ya hapo, kweli, ila kwa oda ishirini au thelathini kwa siku huna haraka. Kinachokupeleka kwenye hifadhidata kama PostgreSQL ni mambo mengine: una stoo mbili zinazogawana mzigo, una wahudumu wengi wanaogusa oda moja kwa wakati mmoja, au una tovuti inayopokea oda yenyewe.

Ukifika huko, mpango ni ule ule, majina yamebadilika. Kuunganisha PostgreSQL na ripoti kunadai vitu vitano: anwani ya seva, namba ya poti ambayo kwa kawaida ni 5432, jina la hifadhidata, jina la mtumiaji, na nywila. Mwambie fundi atengeneze mtumiaji wa pekee kwa ajili ya ripoti, mwenye haki ya kusoma tu, na asome mwonekano usio na majina wala simu. Asitumie ule mtumiaji mkuu wa kufanya kila kitu. Ripoti haina sababu ya kuweza kufuta oda.

Na kama ameandika uchambuzi kwa Python na anataka kuupandisha kwenye mtandao, muulize swali moja: nywila umeiweka wapi? Akijibu "ndani ya kodi", msimamishe. Kodi ikienda kwenye hazina ya wazi kama zile za GitHub, nywila imeenda nayo, na hata akiifuta kesho bado inakaa kwenye historia. Hapo dawa ni kubadilisha nywila yenyewe. Huduma za kupandishia miradi, Streamlit kwa mfano, zina sehemu maalumu ya kuweka siri nje ya kodi. Fundi mzuri hatakasirika ukimuuliza, atafurahi.

Tarehe 1 ya kila mwezi, pakua nakala ya kitabu cha oda uiweke kwenye flashi au kwenye diski unayoifungia kabatini. Siku hiyo hiyo fungua orodha ya watu wenye ruhusa kwenye mafaili yote mawili na kwenye ripoti, usome jina moja moja. Ukikuta barua pepe ambayo huikumbuki ni ya nani, iondoe kwanza, mwenyewe atajitokeza kuuliza.